Jaribio Namba Saba

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Directeur Léopold ameniita mbele ya wote. Anataka namba. Wageni wa Bukavu watafika tarehe 24 kuona programu yetu ya kutafuta watu waliopotezana, na kabla hawajafika anataka kuwaandikia: katika majaribio arobaini, mangapi yanapita. Nikasema sijui.

Akavua miwani. «Mama Mwavita, weye njo mwenye kujaribu. Kama weye haujue, nani atajua?»

Nikamwonyesha karatasi zangu. Alhamisi 31. Ijumaa 36. Jumamosi asubuhi 28, mchana 35. Programu ni ileile! Gédéon, aliyeiandika, anaapa hajagusa hata mstari mmoja tangu tarehe mbili.

Directeur akasema neno nililolipenda. Kwamba hahitaji namba kubwa. Anahitaji namba isiyogeuka. «Uniambie ishirini, na kesho ikuwe ishirini. Hapo nitalala.»

Nimepewa mpaka Jumatatu ya tarehe 21.

Naandika hapa lile ambalo sikuliandika kwenye rapport ya kazi. Jaribio namba saba ni la kutafuta mtu ambaye hayumo kwenye base ya majina, ili programu ijibu: Hakuna. Mwezi wa nane niliambiwa nibuni jina. Sikubuni. Niliandika Ayoubu Ramazani, 1985, Uvira, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimekatika ncha. Mume wangu. Miaka mitano na miezi miwili tangu apande milimani Mulenge kununua ng'ombe za Idi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Kila siku nambonyeza, programu inajibu Hakuna, nami naandika: imepita.

Jumanne, 8 Oktoba

Jaribio namba 12, tablette moja, mkono mmoja – wangu. Saa tatu limepita. Saa tano limekosa. Saa nane limepita.

Kisha nikakaa nyuma ya Gédéon kumwangalia akijaribu yeye. Alibonyeza, ikakosa. Akabonyeza tena, ikapita. Akaandika: imepita!

«Na ile ya kwanza?»

«Ile ya kwanza ilikuwa inaamuka, Mama.»

Délice alicheka mpaka akaweka kichwa juu ya meza. Délice ndiye anayeingiza majina, ana miaka ishirini na miwili na kicheko cha watu watatu.

Basi nimetunga kanuni, nimezibandika ukutani. Inahesabiwa mara ya kwanza tu. Jibu linalotarajiwa liandikwe kabla ya kugusa tablette, tena kwa kalamu ya wino. Gédéon akasoma akiwa amesimama, mikono mifukoni. «Mama Mwavita, weye unataka programu iape. Sasa itaapa ku Biblia ao ku Msahafu?»

Nikamwambia iape kwa karatasi yangu.

Lakini hata kwa kanuni hizo: asubuhi 30, mchana 33. Si mkono wa mtu tu. Kuna kitu chini.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekipata. Sikulala vizuri, nikawahi kazini, bureau, saa moja kasoro robo, nikahesabu majina yaliyomo kwenye base. Jana asubuhi yalikuwa 612. Leo asubuhi 619.

Base ya majaribio ina watu wa kubuni, haina haki ya kuongezeka yenyewe! Nikayafungua yale saba. Watu wetu wa kubuni wote wamezaliwa tarehe mosi Januari, wote hawana alama yoyote mwilini, kwa sababu anayebuni huchoka. Hawa saba si hivyo. Mmoja: «alizaliwa siku ya soko, karibu na Pasaka.» Mwingine: «anaimba sauti ya pili.» Mtoto wa kike: «hapendi kushikwa nywele.»

Nilikaa nikiyatazama. Hakuna mtu anayebuni kitu kama hicho.

Sasa naelewa kwa nini namba inacheza. Jaribio namba 12 linauliza wako wangapi wenye jina fulani, nami nimeandika watano. Asubuhi ni watano. Saa tano mtu ameongeza wa sita, saa nane amemfuta.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mkutano saa mbili. Nilisema tu: kuna majina yanaingia, siwezi kutabiri kitu, naomba mwenye kuyaingiza aseme, hakuna adhabu. Feni inazunguka.

Délice akainua mkono kama yuko shuleni. Ni mdogo wake, yule asiyependa kushikwa nywele. Walipotezana wakishuka milimani. Kila akifika asubuhi anaingiza jina, anaangalia kama liko jibu, siku nyingine analifuta, kisha anaanza kazi. «Nilijua iko base ya bongo, ya watu wa uongo, lakini mukono unaenda wenyewe.»

Kisha Gédéon. Kaka yake. Gédéon! Hakutania.

Kisha Déogratias, mlinzi wetu, kutoka mlangoni na kofia mkononi – yeye hajui kubonyeza, alimwomba Délice.

Directeur Léopold alikuwa anatazama meza. Mwishowe akasema kwamba dada yake, pacha wake, amemwingiza mara nne. Tangu 1996. Kila mara alibadilisha mwaka wa kuzaliwa. «Nilisema pengine niko nakosea mwaka.» Mwaka wa pacha wake! Hakuna aliyecheka.

Mkubwa mzima anatafuta namba isiyogeuka, na yeye mwenyewe ndiye mmoja wa wanaoigeuza.

Tumekubaliana hivi. Base itafungwa: watu mia mbili wa kubuni, walewale, kila asubuhi inarudishwa kutoka kwenye diski moja kabla ya jaribio la kwanza. Watu wetu wa kweli wataandikwa kwenye daftari la Délice, wasubiri base ya kweli ifunguliwe. Directeur akasimama. «Basi. Tutoe bantu betu mu majaribio.»

Walinitazama mimi mwisho, kwa sababu wote wanajua habari ya Ayoubu. Nikasema mimi sina niliyemwongeza. Ni kweli, sikumwongeza. Yeye ndiye jaribio lenyewe.

Ijumaa, 11 Oktoba

Baada ya sala kaka Sumaili, ninayeishi kwake, ameniita barazani. Imamu amerudia: mke wa aliyepotea anangoja miaka minne, kisha anakaa eda, kisha yuko huru. «Mudogo wangu, ni mitano sasa. Dini imekufungulia mulango, weye uko unausukuma kutoka ndani.» Kuna mwanamume mjane anayeuza vitambaa sokoni, mtu wa heshima, ameuliza.

Nilijibu: bado.

Hajui kwamba kila tarehe kumi na sita natuma mayuniti kwenye namba ya Ayoubu, ili laini isikatwe wakampa mtu mwingine. Simu imezimwa tangu 2019. Ila mayuniti yanafika. Napata ujumbe kwamba yamepokelewa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Niandike kwa utaratibu.

Saa mbili mpaka saa sita, Délice na mimi tulitoa majina. Yeye anasoma, mimi nafuta. Mdogo wake alimsoma kwa sauti ileile kama wengine, halafu akaenda kunywa maji. Alirudi. Tukaendelea.

Saa sita na robo aliondoka. Yakabaki mia mbili, na machache niliyotaka kuyahakiki. Nikaendesha majaribio yote. Mpaka sita, sawasawa na nilivyoandika. Nikabonyeza la saba.

Jibu: mtu mmoja. Alama za kufanana: 91 juu ya mia.

Ayoubu Ramazani. 1986. Mzaliwa wa Uvira. Kidole kidogo cha kushoto kifupi. Mahali: Sange. Hali: amepatikana.

Fiche, kadi yake ya maelezo, namba 0388.

Nilibonyeza tena. Mmoja. Nikazima tablette, nikawasha. Mmoja.

Niliandika: limekosa.

Jumapili, 13 Oktoba

Sijamwambia mtu. Sumaili alisema naunguza ugali. Kweli naunguza.

Sange! Kilomita thelathini na kitu. Watu wanaenda kununua mchele na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Nimetoa shati lake la michirizi sandukuni, nimelifua, nimelianika. Limekauka haraka kwa upepo wa ziwa. Nimelikunja. Nimelikunjua tena. Ayoubu alikuwa na tabia: akinunua kitu kizuri hakisemi, anakiweka mahali nitakapokikuta, kisha anakaa kimya akingoja sauti yangu. Leo siku nzima nimekuwa kama mtu anayesikia mwingine amekaa kimya chumba cha pili.

Najiambia: matokeo ya mara moja si matokeo. Najiambia hivyo kila saa. Huenda ni jina la kubuni. Lakini nani abuni kidole?

Mungu wangu, kidole! Kilikatwa na mkanda wa mashine ya kusaga, nilikuwepo, nilishika mkono ule kwa kitenge changu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Asubuhi: 39. Saa tano: 39. Saa tisa: 39. Mara tatu namba moja! Gédéon alipiga makofi. Directeur alikuja mwenyewe kutazama karatasi, akaishika kama ni cheti.

Linalokosa ni la saba peke yake, kila mara, kwa namna ileile.

Gédéon anafurahia kosa hilo. «Kosa lenye kurudi kila mara njo lenye kukamatika. Ile yenye kuja na kuenda njo inauaka bantu.» Akaketi nalo. Mimi nikaketi nyuma yake, mikono mapajani. Ilimchukua mpaka saa kumi.

Akanieleza. Kila fiche ina nafasi ya hali: anatafutwa, au amepatikana. Programu inaunganisha anayetafutwa na aliyepatikana, basi. Fiche 0388, nafasi hiyo iko tupu, aliyeiingiza aliisahau. Na programu, ikikuta tupu, haisemi kitu. Inachukua hali ya fiche iliyotangulia. Tangu mwezi wa tisa iliyotangulia ilikuwa ya mtu anayetafutwa. Jumamosi tulipofuta, ikasogea nyingine.

«Kwa hiyo hajapatikana,» nikasema.

«Nani?»

«Huyu wa 0388.»

«Programu haijui, Mama. Inabahatisha tu. Karatasi njo itajua.»

Jina hakulisoma. Watu wa mashine husoma namba. Nikashukuru.

Jumanne, 15 Oktoba

Karatasi imejua.

Nilimuuliza Délice 0388 imetoka wapi. Akaona haya. Alichoka kubuni watu mia sita, akachukua fiche za kweli kutoka kwenye carton iliyoletwa na Havyarimana, mkulima wa Sange anayetuandikia watu siku za soko. Tukavuta carton chini ya meza. Nikasema nitatafuta mwenyewe.

Ni mwandiko mzuri, wa mtu aliyesoma kwa mapadri. Tarehe 3 Septemba, soko la Sange.

Hali: anatafutwa.

Siku aliyoonekana mara ya mwisho: 14 Februari 2022. Aliondoka Sange kuelekea Fizi kutafuta kazi.

Anayemtafuta: Nizigiyimana, mkulima wa mpunga. Uhusiano: mke.

Nilisoma neno hilo la mwisho mara nyingi. Si neno gumu.

Alinipotea mwezi wa saba 2019. Huyo mwanamke alimpotea mwezi wa pili 2022. Miaka miwili na nusu, basi, alikuwa hai. Alikula, alilala, alikuwa Sange. Siku ngapi nimenunua mchele wa Sange!

Jumatano, 16 Oktoba

Leo ni siku ya mayuniti. Sikutuma.

Saa nne usiku nimetuma.

Alhamisi, 17 Oktoba

Gédéon ametengeneza. Sasa fiche ikiwa na nafasi tupu programu inaikataa mlangoni: jaza kwanza. Hiyo imekwisha. Lakini imezaliwa nyingine, nayo ni yangu mimi.

Alipokuwa ndani ya programu aligundua inaweza kuonyesha pia fiche mbili za watu wawili wanaomtafuta mtu mmoja. Je, izionyeshe au izifiche? Haikuandikwa popote. Jaribio namba saba haliwezi kuwa na jibu mpaka tuamue: nikimtafuta mtu ambaye hajapatikana, ila mwingine naye anamtafuta, programu iseme Hakuna, au iseme Yuko mwingine?

Tukakaa wanne. Gédéon: iseme Hakuna. Programu ni ya kutafuta waliopotea, si ya kukusanya wanaolia. Délice akakataa. Mama yuko upande huu anatafuta, shangazi yuko upande ule anatafuta, kila mmoja anadhani yuko peke yake – si wakutane, waunganishe wanachokijua?

Directeur akakuna kidevu. «Na kama ni bibi wawili wa bwana mumoja?»

«Ehee!» Gédéon akapiga meza. «Hapo tuweke na polisi mu programu! Na docteur pembeni!»

«Na mwanaume mwenyewe asipatikane kabisa,» Directeur akasema, «kwa usalama wake!»

Walicheka. Délice naye alicheka, kwa nguvu, kichwa nyuma – kisha akaniona. Akaacha kucheka katikati. Alikumbuka carton. Alikumbuka kwamba nilitaka kutafuta mwenyewe. Niliona habari inamfikia.

Chini ya meza akanishika kitenge.

Directeur hakuona. Akafunga mkutano: mwenye kujaribu ndiye aandike jibu linalotarajiwa, kwa kanuni zake mwenyewe, kabla ya kugusa tablette. «Mama, Jumatatu uniletee. Lenye utaandika, minye nitatia sahihi, na programu yote itafuata hilo.»

Saa kumi nilibisha mlangoni kwake. Niliomba ordre de mission, karatasi ya ruhusa ya kwenda Sange kuhakiki fiche.

«Fiche ngapi?»

«Moja.»

Akaniangalia. Akasema kanuni ninaijua: jina la anayetafuta halitoki kwa mtu mwingine bila ruhusa yake. Nikasema naijua. Na kwamba mhakiki anauliza tu yaliyoandikwa kwenye fiche, haongezi yake. Nikasema naijua hiyo pia, niliiandika mimi.

Akatia sahihi. Akapiga muhuri. Karatasi akaishika bado. «Dada yangu angesemekana iko ku Sange,» akasema, «ningeenda na miguu.» Ndipo akaiachilia.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimejaribu kuandika jibu. Hakuna. Nikafuta. Yuko mwingine. Nikafuta. Wino haufutiki, nimechana karatasi.

Nikiandika Hakuna, kila mwanamke mwenye hali yangu, hapa au Fizi au popote, atajibiwa kama nilivyojibiwa mwezi wa nane, na mhakiki fulani ataandika: imepita. Atabaki na mume aliyempoteza. Wa kwake peke yake.

Nikiandika lile jingine, wanawake hao watajua kwamba yuko mwingine.

Kama ningeulizwa Jumapili ile, nikikunja shati, ningechagua lipi? Sijui. Jumapili ile nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote ya miaka mitano, na ilikuwa kosa la nafasi tupu.

Namtamani. Hilo halikubadilika. Nilidhani litabadilika tangu Jumanne. Namtamani na hasira yote, namtamani na Sange yote. Usiku naweka mkono palepale, upande wake wa kitanda.

Sumaili ameuliza kuhusu mwenye vitambaa. Nikamwambia kesho nina kazi Sange.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sange, saa nne na dakika ishirini. Naandikia kwenye benchi la Havyarimana, uani kwake.

Havyarimana ni mzee mfupi, rozari shingoni, anazungumza polepole kama anayeandika. Alinipa kiti, nikakataa, nikakaa benchi. Alisoma ordre de mission yote, mpaka chini, mpaka muhuri. Hajui jina langu, kwenye karatasi limeandikwa «mhakiki wa bureau ya Uvira». Ananiita Madamu.

Nilimuuliza yaliyomo kwenye fiche tu. Jina, mwaka, kidole. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Alimfahamu Ayoubu. Alikuwa anatengeneza pompi za maji mashambani. Alifika katikati ya 2020, amekonda, anatoka milimani, hakutaka kusimulia yaliyompata huko, na watu hapa hawamwulizi sana mtu aliyetoka huko. Akakaa. Nizigiyimana alikuwa mjane mwenye shamba na pompi mbovu.

«Mutu muzuri,» akasema. «Musilamu, lakini Noeli alikuwa ananiletea sukari.»

Hapo nilipaswa kufunga daftari. Niliuliza lisilo kwenye fiche. Niliuliza kama hakuwa na watu Uvira.

«Alikuwa na bibi, Madamu. Maji ya Mulongwe yalimubeba. Ile mwaka ya mafuriko.»

Nikauliza nani alisema hivyo.

«Yeye. Alishuka Uvira kuangalia. Alirudi siku ileile. Alisema nyumba haiko, na bibi haiko. Juma nzima hakugusa pompi.»

Nyumba haikuwepo, hilo ni kweli. Aprili 2020 mto uliichukua pamoja na jiko na miti yake. Mimi siku hiyo nilikuwa mtaani Kasenga kwa Sumaili, na sanduku langu, kwa kuwa mkewe alikuwa amejifungua. Ndiko ninakoishi mpaka leo. Mtu anayetaka kujua angeuliza Kasenga. Angeuliza msikitini. Ayoubu alijua njia ya kwa Sumaili hata gizani.

Au alifika pale, akaona mawe matupu na maji, na mtu yeyote tu kando ya barabara akamwambia: wote wamekwenda. Siku zile watu walisema hivyo kwa kila nyumba. Akageuka.

Ama alilia wiki nzima kwa ajili yangu. Ama alitafuta mahali pa kunizika, na mto ukampa. Nimeyaandika yote mawili, moja chini ya jingine, na siwezi kusema ni lipi litapita. Ningetoa macho yangu kulijua. Mwenye kulijua ni yeye, na kama yuko mwingine anayeweza kulijua, ni mwanamke aliyemwona wiki ile.

Havyarimana amekwenda kumwita. Yuko mpungani, anapalilia. Alisema hachukui muda, kwamba akisikia bureau ya Uvira atakimbia, kila soko anamuuliza kama tumeandika kitu.

Niliwaza kuondoka. Ordre imetimizwa, fiche ni sahihi, kazi imekwisha. Bado nimekaa.

Sauti nyuma ya ua. Anazungumza Kirundi, haraka, Havyarimana anamjibu polepole.

Ameingia. Si mzuri, si mbaya. Umri wangu. Matope mpaka magotini, amebeba ndala mkononi. Nimesimama bila kujua, daftari limefunguka hivi, naandika ili nisimtazame.

Havyarimana anasema: huyu njo Madamu mwenye alitoka Uvira.

Hajanisalimu. Hajaketi. Anaangalia kalamu inavyokwenda, halafu uso wangu, na ameuliza, pumzi imemwishia:

«Mama – mumemupata?»